Sio kila mkojo unaosumbua ni UTI sugu

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu wote. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua nimeandika ndefu lakini naomba usinikate sana maana hili jambo nimekaa nalo zaidi ya mwaka na kila nikitaka kuandika naona haya, mimi ni mtoto wa kike na ninachotaka kukiongelea ni tezi dume ya baba yangu mzazi, ile tezi ya mwanaume iliyozunguka njia ya mkojo chini ya kibofu, ikitanuka inaibana. Nilimuomba ruhusa mwenyewe, akanyamaza siku mbili, ya tatu akaniambia andika ila jina langu usitie. Kwa hiyo majina hayamo.

Wakati haya yanatokea baba alikuwa na miaka 71, kafanya kazi mashamba ya mkonge huku Tanga tangu kijana mpaka alipostaafu, anaishi kijijini na mtoto wangu wa kiume ambaye wakati huo alikuwa darasa la nne. Na huyo mtoto ndo alitushtua. Alikuja kwangu Muheza likizo ya Desemba, tunakula usiku akasema tu vile watoto wanavyosema, mama, babu halali, anaenda chooni mara sita afu anasimama huko muda mrefu na mi nasikia hamna kinachotoka. Kijiko kilinibaki mkononi. Mimi na kaka zangu tunampigia baba kila wiki, shikamoo baba, marahaba mwanangu, afya vipi, afya nzuri tu. Atasemaje kwa bintiye kwamba mkojo hautoki? Hata kwa watoto wake wa kiume hakusema. Mjukuu ni mtani wake, wanalala chumba kimoja, kwa huyo hakuna cha kuficha.

Jumamosi ile nikapanda gari nikaenda, nikambana baba mpaka akatoa daftari lake la zahanati, lile daftari dogo la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, limechakaa pembe zote. Nikalifungua palepale barazani. Ndani ya miaka miwili ameenda mara tisa na mara zote tisa imeandikwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kuanzia ya sita hivi wakaanza kuandika UTI sugu. Miandiko tofauti dawa zilezile, sipro siku tano, sipro siku saba, afu sindano, afu kidonge kingine cha bei mbaya, afu tunarudi tena kwenye sipro. Hakuna ukurasa hata mmoja unaoonyesha kuwa huyu mzee aliulizwa anaamka mara ngapi usiku. Hakuna palipoandikwa aangaliwe tezi dume, na alianza kwenda akiwa na miaka 69!

Mhariri, hili neno UTI sugu limekuwa kama kapu, kila kinachohusu mkojo kinatupwa humo. UTI ipo, sibishi, sisi kina mama tunaijua vizuri kwa sababu njia yetu ya mkojo ni fupi, kama sentimita 4 tu, mdudu hana safari ndefu kufika kwenye kibofu. Ya mwanaume ni kama sentimita 20, kwa hiyo mwanaume akipata UTI mtu anatakiwa kujiuliza imeingiaje, na mzee akiipata mara ya pili ya tatu ujue inawezekana kuna kitu kinazuia mkojo usiishe, na ule unaobakia kwenye kibofu ndo wadudu wanapozaliana. Unawaua leo, wiki ijayo wapo tena, ni sawa na kupulizia mbu dawa wakati dimbwi liko mlangoni. Na tena hizo mara tisa hakuna hata siku moja waliyoutuma mkojo ukaoteshwe maabara kuona kama kweli kuna mdudu na dawa gani inamuweza, kuotesha ni siku mbili tatu tu, ila wao wakishaona seli za usaha chache kwenye hadubini basi, sipro. Ndo maana sasaivi dawa nyingi hazifanyi kazi tena, tumezila kama karanga.

Nilipanga kumpeleka hospitali kubwa mwisho wa mwezi nikipata hela. Haikufika. Saa tisa usiku jirani kanipigia, baba yako analia. Mimi sijawahi kumsikia baba analia, hata mama alivyofariki alikaa kimya. Tulimkuta kakunja mgongo kashika ukingo wa kitanda, tumbo la chini limevimba gumu kama mtu kaweka bakuli ndani, hajakojoa tangu mchana. Tukampakia kwenye bajaji, kila shimo la barabara anauma meno. Nesi alipomwekea mpira, ule wa kupitisha kwenye njia ya mkojo mpaka kwenye kibofu, mkojo ukaanza kutoka, akapima kwenye chombo, akaniambia lita moja na mililita mia nne. Mtu mzima anabanwa kabisa ikifika kama mia nne. Baba alifumba macho, machozi yanatoka pembeni, akasema alhamdulillah mara tatu. Asubuhi majibu ya damu yakaonyesha figo nazo zimeshaguswa maana mkojo ukikosa pa kutokea unarudi juu na figo zinavimba. Bahati yake mpira uliwahi, figo zikarudi zenyewe ndani ya wiki chache. Kuna wazee hawawahi, wanaishia kusafishwa damu kwa kitu ambacho kilianzia kwenye bomba lililobanwa tu.

Basi tukafikiri tumemaliza. Tukaambiwa rudini baada ya wiki mbili kubadilisha mpira. Tukarudi. Rudini tena. Tukarudi tena. Mhariri, baba alikaa na mpira miezi kumi na moja, na katika miezi yote hiyo pale tulipokuwa tunakwenda, sitapataja, hakuna aliyetuambia mpango ni nini, atafanyiwa operesheni lini, wapi, na nani, yani ikawa kama ule mpira ndo tiba yenyewe. Mpira ni wa kumsaidia mtu avuke tu. Ukikaa sana wadudu wanaota juu yake, mawe yanaanza kujijenga kwenye kibofu, na hii ya lateksi ya kawaida ikipitiliza wiki zake inaziba, ya silikoni inaweza kwenda mpaka miezi mitatu lakini ndo bei. Mara mbili wa baba uliziba katikati ya usiku.

Nataka wenye mamlaka waelewe mpira unamfanya nini mzee. Nilimshonea mfuko wa kitambaa wenye mkanda wa begani ili ule mfuko wa mkojo usionekane, nikatumia kipande cha kanga, akaukataa kwa sababu ya maua. Akaenda kwenye sanduku akatoa shati lake la kaki la kazini, la mkonge, akasema shona na hili. Nikashona, na nilipokuwa nakata lile shati sikuweza kumuangalia. Barazani kwa wenzie akaacha kwenda. Msikitini akaacha, mtu ambaye swala ya alfajiri haimpiti, akasema siwezi kuingia nyumba ya Mungu nimebeba mkojo. Mpaka shehe wetu akamfuata mwenyewe nyumbani, Mungu amlipe, akamwambia mzee wangu, mwenye udhuru wa mkojo usiokatika ana ruhusa yake, wakati wa swala ukiingia tia udhu uswali, uje kwenye safu yako. Ijumaa iliyofuata akaenda na mfuko wake wa kaki.

Tulikuja kupata rufaa kwa kuhangaika, dada mmoja wa mapokezi ndo alituelekeza kliniki ya mkojo ya hospitali ya kanda ni siku gani. Na huko nikaona vitu ambavyo vilinifurahisha na kunitia uchungu kwa pamoja, maana kumbe vipo, na vingi ni vyepesi kuliko nilivyodhani.

Cha kwanza alichofanya dokta ni kuuliza maswali. Alichukua karatasi yenye maswali saba, akamuuliza baba kabla ya kuwekewa mpira ilikuwaje. Ukimaliza kukojoa unahisi bado umebaki? Unarudi tena kabla ya masaa mawili? Unakatika na kuanza tena? Ukibanwa unashindwa kuuzuia? Unatoka kwa nguvu ndogo? Unajikamua ndo utoke? Usiku unaamka mara ngapi? Kila swali sifuri mpaka tano, unajumlisha, mpaka 7 ni nafuu, 8 mpaka 19 ni kati, 20 mpaka 35 hali ni mbaya. Baba alipata 27. Hiyo karatasi inatumika duniani tangu 1992, haihitaji umeme wala maabara, na kwa wazee wasiosoma kuna nyingine ya picha ambayo madaktari wa Afrika Kusini waliitengeneza, mzee anaonyesha kwa kidole tu picha ya mkojo wake unavyotoka. Miaka miwili zahanati, mara tisa, na maswali saba hayakuulizwa.

Afu kuna kipimo cha nguvu ya mkojo, mwanaume anakojoa kwenye faneli iliyounganishwa na kompyuta, mchoro unatoka kama kilima, mwenye njia nzuri kilima kinapanda na kushuka haraka, aliyebanwa kinakuwa kama tuta refu lililolala, akiwa chini ya mililita 10 kwa sekunde mara nyingi kuna kinachobana. Baba kwa sababu ya mpira hakukifanya ila nilimuona mzee mwingine akionyeshwa mchoro wake, kaushika kwa mikono miwili anauangalia kama picha ya ultrasaundi ya mimba. Ultrasaundi yenyewe inapima tezi ina gramu ngapi na mkojo kiasi gani umebaki ndani. Ya kijana ni kama gramu 20, ya baba ilikuwa 68.

Sasa tuje kwenye damu, hapa ndo watu wanachanganyikiwa sana. PSA sio kipimo cha saratani, ni kitu kinachotengenezwa na tezi dume yenyewe, kinapanda kwa saratani ndio lakini kinapanda pia tezi ikitanuka tu, ukiwa na maambukizi, ukiwekewa mpira, hata ukikutana na mkeo siku mbili kabla. Baba alipimwa mara ya kwanza maabara ya mtaani akiwa kwenye UTI na mpira wake, ikatoka 14, kijana wa maabara akamwambia mzee hii ni kansa nenda kajiandae. Kajiandae! Baba alirudi nyumbani akaanza kugawa mashamba. Dokta wa mkojo alivyoona akasema hicho kipimo kimechukuliwa wakati mbaya, tibuni maambukizi kwanza, tusubiri wiki sita. Ikashuka ikawa 6. Bado iko juu kidogo kwa hiyo akataka kuhakikisha.

Na kile kipimo cha kidole jamani, dokta anapitisha kidole njia ya haja kubwa kupapasa tezi, ambacho ndo kinakimbiza wanaume wetu, ukiwauliza mabarazani utasikia bora nife. Huko Ulaya sasaivi mwanaume asiye na dalili anayetaka kujua tu wanaanza na damu, kidole peke yake kimeonekana kinakosa saratani nyingi za mwanzoni. Kwa mwenye dalili dokta bado anakihitaji kuhisi kama tezi ni laini au ina uvimbe mgumu, ila ni chini ya dakika moja, baba alitoka ndani akaniambia kwa kiswahili chake, nimechomwa sindano za UTI zilizoniuma kuliko hicho. Kwa hiyo ukisikia mwanaume anasema haendi kwa sababu ya kidole mwambie aanze na damu, aanze na yale maswali saba.

Siku hizi pia kabla ya kukata kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi kinachopelekwa maabara kuangaliwa saratani, wanapitisha MRI kwanza, ile mashine ya sumaku inayopiga picha ndani ya mwili. Uingereza walifanya utafiti uliotoka mwaka 2017, wanaume 576, wakaona zaidi ya robo yao wangeweza kuepushwa kukatwa kinyama kama MRI ingetangulia, na saratani zile kali ndo zingeonekana vizuri zaidi. Kwetu MRI ni hela na ni safari, najua. Lakini hata kinyama chenyewe kimebadilika, zamani sindano ilipita njia ya haja kubwa na baadhi ya watu walipata homa kali ya damu kuingia wadudu, sasa wengi wanapitisha kwenye ngozi kati ya korodani na haja kubwa, kwa ganzi tu, mtu anaamka anaondoka na maambukizi ni nadra sana. Baba alifanyiwa hivyo. Tulisubiri majibu wiki tatu, hizo wiki tatu sitaki kuzikumbuka. Haikuwa saratani, tezi imetanuka tu kwa umri, kama inavyotokea kwa karibu nusu ya wanaume wakifika miaka 60.

Operesheni aliyofanyiwa hakuchanwa hata kidogo. Wanapitisha chombo chembamba chenye kamera kwenye njia ya mkojo, waya mdogo wenye umeme unakwangua tezi vipande vipande huku maji yanasukuma. Njia hii sio ngeni, ina karibu miaka mia, ila zamani walitumia maji maalum yasiyo na chumvi na yakiingia mengi mwilini mgonjwa anachanganyikiwa anaweza hata kufa, mashine mpya zinatumia maji ya chumvi ya kawaida hatari hiyo karibu haipo. Wenzetu wanakwenda na leza pia, ilianzia New Zealand miaka ya 1990, inaimenya tezi yote kutoka kwenye ganda lake kama unavyomenya chungwa kwa ndani, hata tezi kubwa sana ambayo zamani lazima uchanwe tumbo. Baba alilala wodini siku tatu, wakautoa mpira siku ya tatu, akaenda chooni, mimi nimesimama kwenye korido na kaka yangu hatuongei. Tukasikia. Sitaki kuandika zaidi ya hapo, ila wote wawili tulisikia.

Na hapa ndo penye uchungu wangu. Nilimuuliza dokta, je tungekuja mapema zile siku anaamka mara tatu nne? Akasema huenda angetumia vidonge tu. Kipo cha kulegeza misuli ya shingo ya kibofu, siku chache mtu anaona tofauti, na kipo cha kupunguza tezi yenyewe ila huwa kinataka miezi sita hivi kuonekana kazi yake, vyote vipo duniani tangu miaka ya 1990. Sio dawa mpya. Nikapiga hesabu ya sipro na sindano na nauli za daftari lile, hela ile ingenunua vidonge vya miezi mingapi.

Baba mkubwa, kaka yake, yeye hakuwahi. Alisumbuliwa na kiuno, akaambiwa ni uzee, ni kuinama sana shambani, akachuliwa, akapigwa chuku, akachomwa sindano za maumivu. Alipokuja kushindwa kusimama ndo picha ikaonyesha saratani ya tezi dume imeingia kwenye uti wa mgongo. Wakamwambia wamtoe korodani maana homoni ya kiume ndo inalisha ile saratani, aligundua hilo Charles Huggins kule Chicago mwaka 1941 na akapewa Nobel 1966. Baba mkubwa alikataa, akasema nimezaliwa nazo. Hatukuwahi kuambiwa vizuri kwamba kuna sindano ya kuchoma kila mwezi au kila miezi mitatu inayofanya kazi ileile bila kukata, na siku hizi kuna vidonge vya abiraterone ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2019. Alifariki akiwa na maumivu. Laiti yale maumivu ya kiuno mtu angeyafikiria mara mbili, mzee wa miaka 70, mwanaume, kiuno hakisikii dawa, ni damu kidogo tu ya PSA.

Kuna watu watasema kupima kila mtu ni kuwatia watu hofu na kuwakata bure. Wana hoja, sio ubishi. Saratani nyingi za tezi dume ni za polepole sana, kuna utafiti wa Uingereza uliowafuatilia wanaume 1,643 miaka 15, wengine walikatwa wengine mionzi wengine walikuwa wanaangaliwa tu kwa vipimo, na kwa makundi yote kama 97 kati ya 100 hawakufa kwa saratani hiyo. Kwa hiyo kupimwa sio kukatwa, mtu anaweza kukutwa nayo akaishi nayo chini ya uangalizi. Lakini pia ule utafiti mkubwa wa nchi nane za Ulaya wenye wanaume 162,000, baada ya miaka 23 umeonyesha walioitwa kupima vifo vyao kwa saratani hii vimepungua kwa asilimia 13. Na kwa sisi weusi jambo ni zito zaidi, huko Uingereza mwanaume mweusi mmoja kati ya wanne anaipata maishani wakati kwa wote kwa jumla ni mmoja kati ya wanane. Kwa hiyo wetu wakifika 45 waongee na dokta wao, hasa ambaye baba au kaka yake aliugua.

Na tuache kuficha. Mzee Mandela alifanyiwa operesheni ya tezi dume mwaka 1985 akiwa bado mfungwa, akaja kukutwa na saratani yake 2001 akatibiwa kwa mionzi, akaishi mpaka miaka 95. Mfalme Charles wa Uingereza Januari 2024 aliruhusu itangazwe kwamba anakwenda kutibiwa tezi iliyotanuka, na wanaume wa kule wakajaa mitandaoni kutafuta habari za tezi dume siku hiyohiyo. Mfalme mzima kasema. Sisi mjumbe wa nyumba kumi hasemi.

Nigusie na damu kwenye mkojo, maana huku kwetu tulikua tunaiona kawaida. Wavulana waliokuwa wanaoga mabwawani walikuwa wanakojoa damu mwishoni mwa mkojo na watu wazima wanasema anabalehe huyo. Ni kichocho, mdudu wake aligunduliwa na Theodor Bilharz kule Cairo mwaka 1851, dawa yake ni praziquantel na watoto wanapewa shuleni, na kikiachwa miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Mtu mzima akiona damu kwenye mkojo hata mara moja, hata kama haiumi, hasa kama haiumi, asiandikiwe UTI akaachwa. Kibofu kiangaliwe kwa kamera.

Sasa maombi yangu Mhariri. Kwa wizara, naomba zahanati zote zipewe ile karatasi ya maswali saba kwa kiswahili na ile ya picha, na iwe amri kwamba mwanaume wa zaidi ya miaka 50 akija na UTI mara ya pili haondoki bila kuulizwa na bila barua ya ultrasaundi. Kwa hospitali, kila anayewekewa mpira aandikiwe hapohapo tarehe ya kuonana na dokta wa mkojo, sio tarehe ya kubadilisha mpira tu. Hospitali ya KCMC kule Moshi wamefundisha madaktari wa mkojo miaka mingi, wasambazwe mikoani, na sheria ya bima ya afya kwa wote imepita tangu 2023, operesheni hii na zile sindano za saratani ziingizwe kwenye kitita cha mtu wa kawaida. Na kwenu nyie wenye magazeti na redio, kila siku nasikia matangazo ya dawa ya tezi dume siku saba unapona kabisa bila operesheni, mnapokea hela ya tangazo na wazee wetu wanatoa hela ya korosho, huku figo zinaharibika kimyakimya. Naomba muache. Badala yake chapisheni yale maswali saba kwa herufi kubwa, baba yangu gazeti analisoma kwa miwani ya kuazima, na wenzie barazani wanasubiri awasomee.

Amerudi barazani, sijasema hilo. Lile shati la kaki, alitaka mfuko ufumuliwe aone kama linaweza kurudi kuwa shati, nikamwambia baba haliwezi, akalichukua hivyohivyo anabebea redio. Kaka yangu mkubwa ana miaka 52, anaamka mara tatu usiku, wifi ndo kaniambia. Nimemtumia nauli, na baba amempigia mwenyewe jana mbele yangu akamwambia Jumatano kliniki, nitakuja nikusindikize.

Ni mimi msomaji wako,
Muheza, Tanga